Dirisha la Kwenye Karatasi na Dirisha la Nyumbani

Mtu ajengaye nyumba kubwa mjini siku hizi hukabidhiwa na mchoraji wake karatasi nyingi, na baadhi ya nyumba hudaiwa pia hesabu ya joto na umeme. Hesabu hiyo hufanywa kwa kompyuta. Hutiwa humo jua lipigalo ukuta, watu walalao chumbani, taa, jiko, na hewa ipitayo madirishani, na mwishowe hutoka jibu: nyumba imetimiza kanuni, au haikutimiza. Wengi huitia sahihi pasipo kuisoma. Leo twautazama mstari mmoja tu wa hesabu hiyo, nao ni ule wa dirisha.

Ukuta haubadili nia, kwa hiyo wahesabika kwa urahisi. Dirisha lina mwenyewe, naye kompyuta haimjui. Ni mpigaji hesabu anayeiambia kompyuta kwamba dirisha litafunguliwa saa ngapi na kwa kadiri gani. Akiandika kwamba li wazi usiku kucha, chumba kitapoa vizuri kwenye karatasi na nyumba itafaulu. Ikiwa wenye nyumba watalifunga saa kumi na mbili na nusu jioni kwa kuogopa mbu, watalala katika joto ambalo karatasi haikuliona.

Katika England kanuni imemzuia mpigaji hesabu kulifungua dirisha apendavyo. Tangu Juni 2022 nyumba mpya za kuishi nchini humo hazina budi kuthibitishwa kwamba hazitapata joto la kupindukia. Mchana, chumba kikiwa na watu, dirisha huhesabiwa kuanza kufunguka joto la ndani likipita digrii 22, na kuwa wazi kabisa likipita digrii 26. Usiku, tangu saa tano hadi saa mbili asubuhi, dirisha la ghorofani lisilofikika kwa urahisi huhesabiwa kuwa wazi endapo joto la chumba limepita digrii 23 ifikapo hiyo saa tano. Dirisha la chini, ambalo mwizi aweza kulifikia, halipewi ruhusa hiyo mpaka liwe na kinga, kama luva au nondo zilizofungwa imara. Kelele nazo zimefikiriwa: zikizidi wastani wa desibeli 40 chumbani usiku, yachukuliwa kwamba mlalaji atafunga dirisha. Baada ya yote hayo, chumba cha kulala hakitakiwi kuzidi digrii 26 usiku kwa zaidi ya asilimia 1 ya saa za kulala, yaani kiasi cha saa 32 kwa mwaka mzima.

Kanuni hiyo ni ya watu wasiosumbuliwa na malaria, ndiyo maana yataja mwizi na kelele. Kwetu sisi mstari wa kwanza ungekuwa wa mbu. Mbu aenezaye malaria huuma zaidi usiku, na saa hizo hizo ndizo hewa ya nje inapopoa na kuweza kuutoa ukutani moto uliolimbikizwa na jua mchana. Katika mji kama Bujumbura, ulio chini kando ya Ziwa Tanganyika, kufunga dirisha usiku ni kujinyima nafuu hiyo. Kulifungua bila wavu ni kuwatia watoto katika hatari. Hesabu isiyotaja wavu haikuhesabu nyumba yetu.

Wavu nao una gharama yake. Nyuzi zake huziba sehemu ya nafasi, na vumbi huongeza, hivyo dirisha lenye wavu lapasa kuwa kubwa kuliko lile lililotosha bila wavu. Tena aina ya dirisha ni jambo kubwa kupita watu wadhanivyo. Dirisha la bawaba hufunguka karibu lote. Lile la kusukuma pembeni, ambalo limekuwa fahari ya nyumba mpya, hufunguka nusu tu, maana kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Luva za kizamani, ambazo vijana wetu wanazicheka, hupitisha hewa hata mvua ikinyesha.

Kuhusu mahali pa matundu, ukizidisha eneo la matundu mara mbili, hewa ipitayo huwa karibu mara mbili. Lakini hewa iendeshwayo na joto peke yake, ikiingia chini na kutokea juu, hutaka kimo mara nne ili iwe mara mbili. Chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana hupitisha hewa vyema hata kina chake kikifika mara tano ya kimo cha dari. Chenye dirisha moja hakifiki hata nusu ya hapo.

Iko pia programu iitwayo EDGE, ya Shirika la Fedha la Kimataifa, itumikayo katika nchi nyingi. Nyumba isiyo na kiyoyozi, programu ikiona kwamba itakuwa na joto, huandikiwa umeme wa kupoza ambao hakuna atakayeulipa. Wako wanaolalamikia jambo hilo. Mimi naliona ni la haki, kwa sababu mtu anayetoka jasho usiku leo, akipata fedha atanunua kiyoyozi mwaka ujao.

Basi, kabla fremu hazijaagizwa, mwombeni mchoraji awaonyeshe saa za usiku alizoandika, na kama dirisha alilolihesabu ni la bawaba au la kusukuma, lenye wavu au lisilo nao. Fremu zikishajengewa ukutani, kuzipanua ni kazi ya kuvunja.