Aibu ya Kuuliza Mezani



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inatoka nje ya nyumba zetu na kwenda kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia. Sikukusudia kuandika habari za matembezi. Lakini yaliyotokea mezani siku ile yanazihusu familia nyingi zenye watoto ughaibuni, na yananihusu mimi mwenyewe kabla ya kumhusu mwingine yeyote.

Kijana wa marehemu kaka yangu anaishi Palermo, mji mkuu wa kisiwa hicho, huu ukiwa ni mwaka wake wa tatu. Mchana anasoma, jioni anapanga bidhaa dukani. Amepanga chumba kwa mama mmoja mzee, mjane, Mkatoliki wa kwenda kanisani kila Jumapili, ambaye kwa muda wote huo amemtendea kama mtoto aliyemzaa. Nilipokwenda kumtazama, mama yule alisema kuwa shangazi wa kijana wake hawezi kuondoka Sisilia bila ya kukaribishwa chakula. Akatualika chakula cha mchana katika mgahawa wa zamani nje ya mji, upande wa mashariki, karibu na mji mdogo wa Trabia. Hapo ndipo ilipofanyika karamu ya harusi yake.

Ni mwendo wa kilomita 30 hivi, bahari mkono wa kushoto, vilima mkono wa kulia. Njiani nilimsimulia kijana niliyoyasoma kuhusu ardhi ile, kwani Muislamu akipita pale hapiti ugenini kabisa. Mwaka 827 jeshi la Waislamu lilishuka Mazara, magharibi mwa kisiwa, likiongozwa na mwanachuoni na kadhi wa Qayrawan, Asad ibn al-Furat. Palermo ikaingia mikononi mwao mwaka 831. Wanormani waliitwaa mwaka 1072, na ngome ya mwisho, Noto, ikasalimu amri mwaka 1091. Hata baada ya hapo Waislamu waliendelea kuishi kisiwani, wakilima, wakijenga na kuandika, mpaka mfalme Frederick II alipowahamisha katika karne ya 13 na kuwapeleka Lucera, bara ya Italia. Nao mji wao wa Lucera ukavunjwa mwaka 1300.

Na Trabia ina habari yake. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alimaliza kitabu chake kikubwa alichomwandikia mfalme Roger II. Ndani yake aliutaja mji huo kuwa una maji yaendayo na vinu vingi, na kwamba hutengenezwa humo itriya, yaani tambi, kwa wingi wa kutosha kusafirishwa kwa majahazi kwenda Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. Basi tambi tunazozipika kwa nazi na iliki siku ya Idd, watu wa pwani ile walikuwa wakizianika na kuziuza karne nyingi zilizopita. Kijana alicheka akasema, "Shangazi, kumbe leo tunakwenda kula chakula chetu wenyewe."

Mgahawa ule ni nyumba ya mawe yenye kuta nene, sakafu ya vigae vilivyofifia kwa kukanyagwa, na meza za mbao zilizotandikwa vitambaa vyeupe. Katikati ya meza yetu palikuwa na chupa ya mvinyo, ishara kwamba mwenyeji wetu ameagiza mapema ili tuheshimiwe. Mhudumu akaleta orodha ya vyakula. Nami nikamnong'oneza kijana wangu: "Mwombe aiondoe chupa hii, kisha muulize vyakula vyao vinapikwa kwa mafuta gani."

Hakuinua macho. Akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, hapa watu hawaulizi hivyo. Mama huyu ametugharamia. Tutamuudhi. Tuiache tu, hatuinywi."

Nikamwuliza, "Na mafuta?"

Akanyamaza. Ukimya wake ndio ulionijulisha. Kidogo kidogo akaniambia kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akila kila anachopikiwa nyumbani kwa mama yule. Nyama ya nguruwe iliyo dhahiri huikwepa kwa kusingizia tumbo. Lakini supu, maandazi na biskuti za sikukuu hakuwahi kuzihoji. Hakujua kwa yakini kilichomo. Alishuku, na aliogopa kuuliza asije akajua.

Ndugu msomaji, nilitaka kumkemea. Ulimi ulikwisha kuwa tayari. Lakini nikakumbuka ni nani aliyemfunza. Alipokuwa mdogo, kila tulipokwenda kwa watu nilimshika bega mlangoni na kumwambia, "Mwanangu, ukipewa kitu, kila. Usiulize, usichague, usimwaibishe mwenye nyumba." Katika mtaa wetu, ambako kila chungu kilikuwa cha Muislamu, wasia ule ulikuwa adabu njema na haukumdhuru mtu. Sikuwahi kumwambia nusu ya pili: kwamba ipo siku atakaa meza ambayo kuuliza ndiyo adabu yenyewe, kwanza kwa Mola wake, kisha kwa mwenyeji wake.

Nikamwambia, "Basi tafsiri. Nitasema mimi, wewe uwe ulimi wangu tu."

Nilianza kwa shukurani. Nilimwambia mama yule kwamba kaka yangu amefariki akiwa na wasiwasi juu ya mtoto huyu, na kwamba yeye ameiondoa nusu ya wasiwasi huo. Kisha nikamweleza kuwa sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe wala kilichopikwa kwa mafuta yake, hatunywi mvinyo, hatuli kilichotiwa mvinyo, na hatupendi kukaa meza ambayo pombe imewekwa. Nikamwomba asione kuwa tunaidharau karamu yake.

Mama yule hakukasirika kwa chupa. Aliishika mwenyewe akampa mhudumu. Lakini aligeuka akamtazama kijana, na macho yake yakajaa machozi. Alisema maneno ambayo kijana aliyatafsiri kwa tabu, sauti ikikatika: "Miaka mitatu ninaweka mafuta ya nguruwe katika biskuti zako. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu alifanya hivyo. Mafuta ya zeituni ninayo tele jikoni. Ungeniambia neno moja tu. Kwa nini hukuniamini?"

Pale mezani hakuna aliyejibu. Kijana wangu alidhani kwamba kwa kunyamaza anamhifadhia mama yule heshima. Kumbe alimnyima fursa ya kumkirimu ipasavyo, na yeye mwenyewe akajinyima amani. Hasara mbili kwa aibu moja.

Mwenyeji wetu aliinuka akaenda jikoni. Akarudi na mpishi, bibi mwenye aproni na mikono yenye unga, ambaye alikaa nasi na kutupitisha katika orodha ile chakula kimoja baada ya kingine, bila ya kuona uzito wowote. Mkate huu una ufuta juu yake, hauna mafuta ya mnyama. Vile vitafunio vya unga wa dengu, viitwavyo panelle, vinakaangwa kwa mafuta ya alizeti, lakini kwenye karai ambamo hukaangwa vingine. Angetukaangia vyetu katika kikaango safi. Nyama zile alitushauri tuziache. Nasi tuliziacha, kwani hata pasipo nguruwe, wanazuoni wana maelezo marefu juu ya uchinjaji wa siku hizi katika nchi hizo, na samaki yupo. Samaki wa kuoka hunyunyiziwa mvinyo mweupe. Wetu angepikwa kwa limau.

Tukala. Kwanza biringanya zilizopikwa kwa nyanya, zeituni, sukari kidogo na siki, chakula waitacho caponata. Juu ya siki nilimkumbusha kijana kuwa Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo chema. Kisha zikaja tambi za samaki wa saradini, fahari ya wapishi wa Palermo. Samaki hupikwa pamoja na shamari ya porini, zabibu kavu, kokwa za msonobari na zafarani, halafu juu hunyunyizwa chenga za mkate zilizokaangwa. Wenyeji husimulia kuwa chakula hicho kilibuniwa na wapishi wa jeshi lililoshuka Mazara. Hiyo ni hadithi ya mezani tu. Ila ladha ile ya utamu na chumvi katika sahani moja haikuwa ngeni kinywani mwa mtu aliyelelewa kwa pilau yenye zabibu.

Tulipokuwa tukila, mpishi alikuwa akitaja majina, nami nikimtajia ya kwetu. Wao wana aina ya zabibu iitwayo zibibbo, sisi twasema zabibu. Wao zafferano, sisi zafarani. Wao sorbetto, sisi sharbati. Ufuta wanauita giuggiulena, kutokana na juljulan ya Waarabu. Birika kubwa la kuhifadhia maji ya kumwagilia mashamba wanaliita gebbia, neno lililobaki tangu Waislamu walipotengeneza mifereji na kueneza michungwa na milimau kisiwani. Mama mwenyeji alishangaa. Amekula vyakula hivyo maisha yake yote, na hakupata kuwaza kuwa kinywa chake kimejaa maneno ya mababu wa dini yetu.

Ukaja wakati wa vitu vitamu. Kijana wangu anapenda sana cannoli, zile mrija za unga zinazojazwa jibini laini la maziwa ya kondoo. Mpishi akatikisa kichwa: unga wake hukandwa kwa mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala. Keki ya cassata nayo ilikuwa imenyunyiziwa kileo. Akatuletea granita, barafu iliyosagwa ya limau, sukari na maji, basi. Kijana aliishika bilauri yake kwa mikono miwili, akainywa polepole. Baadaye aliniambia kuwa tangu afike nchi ile, hicho ndicho chakula cha kwanza alichokila nje ya chumba chake bila ya shaka moyoni.

Tulipokuwa tukirejea, jua likizama nyuma ya Palermo, nilimsimulia habari za Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusi aliyepita njia hiyohiyo mwishoni mwa mwaka 1184 akitoka Hijja. Alishuka Termini, jirani na Trabia, akaenda Palermo kwa miguu. Usiku akalala katika ngome ya Waislamu yenye msikiti, na moyo wake ukafurahi kusikia adhana baada ya kuikosa muda mrefu. Alipofika mjini aliwakuta Waislamu watumishi wa kasri ya mfalme William II wakiificha imani yao. Wale walikuwa na sababu ya kuogopa.

Kijana akasema, "Nami niliificha, na hapakuwa na mfalme." Sikuongeza neno.

Ndugu zangu wazazi, sisemi kuwa kila mwenyeji atakuwa kama mama yule. Wako watakaokunja uso, na wako watakaosema uongo. Lakini tusiwaache watoto wetu waende mbali na nusu ya adabu. Tuwafunze kusema mapema, siku ya kualikwa, kabla mwenyeji hajagharamika. Tuwafunze kuanza kwa shukurani, ndipo wataje sharti. Tuwape maswali manne wayajue kama wanavyojua jina lao: kimepikwa kwa mafuta gani, kimetiwa mvinyo, nyama ni ya nini na imechinjwa vipi, na kitamu kimekandwa kwa nini. Penye shaka isiyoondoka, mkate, matunda na samaki havijamuua mtu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na anayejiepusha na yenye utata baina yake amejihifadhia dini yake na heshima yake. Heshima pia, ndugu msomaji. Sisi tulidhani kuuliza kunaivunja.

Na aliyekwisha kula kwa kutojua, au kwa kuogopa kujua, asikae na uchungu huo peke yake. Mlango wa toba hauna foleni. Kijana wangu aliswali Magharibi usiku ule nyuma yangu kidogo, nikamsikia akirefusha sijda.

Wiki mbili baada ya mimi kurudi nyumbani nililetewa kifurushi kidogo. Ndani yake mlikuwa na biskuti za ufuta na kikaratasi. Kijana alikuwa ameandika kwa mkono wake kuwa mama yule amezikanda kwa mafuta ya zeituni, kwamba ya kwanza zilivunjikavunjika, na kwamba amezirudia mara tatu hadi zikakubali. Nilizigawa kwa watoto wa nyumbani. Nao kabla ya kula waliuliza, "Bibi, zina nini ndani?"

Nikawajibu yote, kimoja baada ya kingine.

Wallahu a'lam. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.