Rangi Iishie Pale Mkono Unapoanzia

Leo naongea na wenzangu mnaouza vifaa vya mazoezi, hasa vya kujenga nguvu za mkono: dambeli za mpini mnene, bomba la kujivuta juu, vishikio vya kubebea uzito. Wengi wetu tunatengenezesha kwa mafundi wa Gerezani au wa mtaani kwetu, halafu tunapuliza rangi nyeusi ya kung'aa chuma kizima na kupanga mbele ya duka. Mzigo unapendeza kweli. Ila mimi nasema ile rangi ya kwenye mpini ndiyo inayotuharibia biashara.

Mteja ananunua kwa macho, sikatai. Lakini akifika nyumbani anatumia kiganja, na kiganja chenye jasho juu ya rangi ya mafuta kinateleza. Mtu amelala chali, chuma kiko juu ya kifua, halafu mkono unateleza. Hapo hatuongelei tena kurudishiwa mzigo, tunaongelea mtu kuumia. Na hata asipoumia, baada ya muda rangi inaanza kubanduka, kingo zake zinakwaruza ngozi, jasho linaingia chini yake na kutu inaanza kimyakimya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: paka rangi kwenye uzito, kwenye miguu ya stendi, kwenye fremu. Sehemu ya kushika ifikirie peke yake. Chaguo zipo hizi.

1. Chuma chenye makwaruzo. Angalia vyuma vya mashindano ya kunyanyua uzito, utaona mistari iliyokingamana inayotengeneza vijialmasi vidogo. Fundi wa mashine ya kuchonga chuma ndiye anayeweza: anakandamiza magurudumu magumu yenye meno huku chuma kinazunguka. Mpelekee chuma kizima au bomba nene, maana bomba jembamba litabonyea. Mwambie asiyachongoe sana. Ukipitisha kiganja yakushike, yasikuchane.

2. Bomba la zinki. Kwa bomba la kujivuta juu linalokaa nje, hili linavumilia mvua na hewa ya chumvi kuliko chuma kitupu. Ni laini kidogo, lakini halina ule utelezi wa rangi ya mafuta. Angalizo: fundi asagе zinki pale anapochomelea, kwa sababu moshi wake unaumiza mtu, na afanyie kazi sehemu yenye hewa. Kile kiungo sasa hakina kinga, kwa hiyo hapo ndipo paka rangi.

3. Rangi ya unga inayochomwa kwenye oveni. Hii ni ngumu kuliko ya kupuliza. Ukiipata, chagua isiyong'aa, yenye chembechembe ndogo. Ile ya kung'aa inakurudisha kulekule.

4. Kromu. Inapendeza na inafutika kirahisi. Juu ya makwaruzo inafaa. Juu ya chuma laini ni kioo tu, ongeza jasho uone.

5. Mbao. Kishikio cha mbao ngumu iliyopigwa msasa vizuri kinapendwa sana na viganja. Usipake vanishi. Ni kosa lilelile la rangi, tofauti yake unaona mbao chini.

Kuna wanaojitetea kwamba mteja wa nguvu za mkono anataka ugumu, basi kuteleza ni sehemu ya tizi. Hapana. Dambeli maarufu ya Thomas Inch, mbabe wa Uingereza wa zamani, ina kilo kama 78 na imewashinda watu wengi wenye nguvu. Siri kubwa ni unene wa mpini, kama milimita 60, wakati chuma cha mashindano ya wanaume kina milimita 28. Mkono haufungi, ndio maana hainyanyuki. Mteja akitaka ugumu, muongezee unene. Usimuongezee utelezi.

Mwingine atasema chuma kitupu kitashika kutu dukani. Kitashika kama ukikiacha. Pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, na kabla ya kumkabidhi mteja futa mpaka pakauke. Usipake oili chafu iliyomwagwa kwenye gari, hiyo si ya kugusa ngozi ya mtu. Mweleze na mteja: akimaliza tizi afute jasho, na mara mojamoja asugue kwa brashi. Kama anatumia chaki, ya wanamichezo ni ya magnesiamu, siyo ile ya ubaoni.

Sasa piga hesabu. Tuseme faida yako kwa dambeli moja ni 10,000. Ikirudi moja imebanduka, ukairudisha kwa fundi, ukalipa bodaboda na kazi upya, faida ya mbili au tatu zilizofuata imeshakwenda. Na yule mteja ana jimu ya mtaani yenye vijana wengi wanaomsikiliza kuliko wanavyosikiliza tangazo lako.

Kabla hujamlipa fundi, fanya hivi palepale: lowesha kiganja kwa maji, shika mpini, nyanyua taratibu karibu na ardhi. Kama ni bomba, ning'inia. Likikuteleza wewe, litamteleza na mteja. Mwambie fundi aondoe rangi pale pa kushika, akikataa usichukue mzigo.

Kama una njia nyingine inayokufanyia kazi, tuandikie wenzako wajifunze. Biashara njema.