Kwa Nini Nilisikilizwa Mimi na Si Shemeji Yangu

Nina shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa. Nalitaja hilo si kwa majivuno, bali kwa sababu usiku mmoja wa mwezi wa Aprili shahada hiyo ilimwokoa mdogo wangu kwa njia ya udanganyifu, na tangu siku hiyo nimekosa amani nayo.

Mdogo wangu huyo, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, alibainika mwaka jana kuwa na ugonjwa wa Addison. Ni maradhi ya tezi mbili ndogo za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo hutengeneza homoni ya kotisoli, inayouwezesha mwili kustahimili homa, jeraha au msukosuko mwingine, pamoja na aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kwa njia ya mkojo. Zikiharibika, mtu hunyauka polepole. Daktari Mwingereza Thomas Addison aliyaeleza maradhi haya mwaka 1855, na baadhi ya wagonjwa wake tezi zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Mdogo wangu naye alitibiwa kifua kikuu akiwa chuoni, akapona, tukasahau.

Kabla jina la ugonjwa halijapatikana, tulipoteza takriban miaka miwili. Alikonda. Alichoka hata kusimama mbele ya darasa, akaandikiwa barua ya kujieleza kwa utoro. Ufizi wake ukaingia weusi, na mistari ya viganja vilevile. Alikuwa akilamba chumvi kiganjani kama mtoto. Majirani walinong'ona wanachonong'ona siku zote mtu akikonda; akapima virusi vya UKIMWI mara tatu, na mara tatu hakuwa navyo. Mama yetu aliamini kuna mkono wa mtu. Mimi, msomi wa familia, nilimshauri apumzike na ale vizuri. Sina haki ya kumcheka mama.

Tiba yenyewe si ya ajabu: vidonge vya hidrokotisoni kila siku, maisha yote, na mara nyingi vya fludrokotisoni vya kuhifadhi chumvi. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa zote mbili katika orodha yake ya dawa muhimu. Kuziona dukani ni jambo jingine. Shemeji yangu anajua kwa jina makondakta wa mabasi wanaotuletea vifurushi, na vidonge vikikosekana daktari humbadilishia prednisoloni.

Lakini somo gumu kwa familia halikuwa la vidonge. Mwenye tezi nzima akipata homa, mwili wake huongeza kotisoli wenyewe. Mgonjwa wetu hawezi. Kwa hiyo akishikwa na homa dozi huzidishwa mara mbili au tatu kama daktari alivyoelekeza, na akitapika kiasi kwamba vidonge havikai tumboni, anahitaji sindano ya hidrokotisoni, miligramu 100, bila kusubiri, pamoja na dripu ya maji ya chumvi. Akicheleweshwa, shinikizo la damu huporomoka na anaweza kufa. Shemeji yangu, fundi seremala aliyeishia darasa la saba, aliyashika maelekezo hayo kuliko sisi sote. Aliyaandika kwa penseli yake ya kazi ukutani, karibu na mlango.

Usiku huo wa Aprili mkewe alikuwa ametapika na kuhara tangu jioni. Akamfikisha kituo cha afya saa nane. Akataja jina la ugonjwa, jina la dawa, kipimo chake. Muuguzi wa zamu, aliyekuwa peke yake, akamjibu kwamba hiyo ni sindano ya pumu, na mgonjwa huyu hana pumu. Akamtundikia dripu, akamwambia amsubiri tabibu asubuhi. Dawa ilikuwamo kabatini. Shemeji alikiona kichupa kwa macho yake. Akanipigia simu akilia. Nikaomba kuongea na muuguzi, nikajitambulisha kama nijitambulishavyo kila mahali: Dokta, na jina la ukoo. Kisha nikarudia maneno ya shemeji neno kwa neno, maana ni yeye aliyenifundisha.

"Sawa, Dokta," muuguzi akasema. Sindano ikachomwa. Asubuhi mdogo wangu aliomba uji.

Sikumsahihisha muuguzi. Ningefanya vilevile tena.

Wala simlaumu. Kumchoma mtu sindano kwa neno la mumewe ni kuhatarisha ajira yake. Ninalolaumu ni utaratibu uliowaacha watu wawili wenye nia njema wakitazamana usiku wa manane bila karatasi yenye mamlaka kati yao. Daftari la kliniki lilikuwapo, limejaa vifupisho vya Kiingereza. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Vyote ni vyema, ila bima hulipia sindano. Haimwambii muuguzi aichome.

Ninachodai kwa wizara husika ni kidogo mno: kadi moja ya dharura, kwa Kiswahili, yenye muhuri, na waraka unaoviamuru vituo vyote kuitii. Uingereza ilianza kutoa kadi ya namna hiyo mwaka 2020. Haihitaji maabara wala mfadhili. Nitaambiwa wagonjwa ni wachache. Wa Addison ni wachache, kweli. Lakini hatari hiyohiyo inawakabili wengi waliotumia prednisoloni kwa muda mrefu kwa maradhi mengine, ambao tezi zao zimelala na hawajui.

Kwa sasa tumejitengenezea kadi yetu. Daktari wa kliniki ameisaini, ila muhuri tulinyimwa, kwa kuwa kadi si fomu rasmi. Shemeji ameomba chini yake liwekwe jina langu na namba ya simu, na mbele ya jina, "Dk." Nimekubali.