Zimwi la Jirani na Mtoto Aliye Dirishani



Ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, ambao riziki imewapeleka Marekani na Kanada, wanaujua vyema mwezi wa Oktoba. Viwanja vya mbele ya nyumba huanza kujaa makaburi ya kuigiza, mifupa na majitu ya kutisha, hata ikifika usiku wa tarehe 31 watoto wakapita mlango kwa mlango wakiomba peremende. Waislamu wengi usiku huo huzima taa ya barazani na kuteremsha mapazia. Wakishafanya hivyo huona wamekwisha kutimiza wajibu wao.

Mzazi mmoja wa huko ametuletea swali. Jirani yake, mtu mwema asiye wa dini yetu, kila mwaka hujenga kwa mikono yake zimwi lenye urefu wa futi 12, yaani zaidi kidogo ya mita 3.6. Mwaka uliopita jirani huyo alimwita mtoto wa ndugu yetu, mwenye umri wa miaka 13, amshikie bomba wakati akikata. Baba alimzuia mwanawe kwa neno moja tu, haramu. Mtoto hakubishana. Alikaa dirishani wiki sita akitazama. Baba anatuuliza kama alikosea.

Kabla ya kujibu, inafaa tuelewe kitu chenyewe, kwani wengi wanaolisema jambo hili hawajapata kulitazama kwa makini. Zimwi la namna hiyo huanzia ardhini. Nondo hupigiliwa kwenye udongo, na juu yake huvishwa mabomba ya plastiki ya kupitishia maji, yakaungwa kwa viungio vya kona hadi yakawa miguu, uti wa mgongo na mabega. Kifua hukunjwa kwa wavu wa mabanda ya kuku. Juu ya wavu hubandikwa vipande vya magazeti yaliyochovywa katika uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka husubiriwa likauke. Joho hutengenezwa kwa magunia yaliyochovywa katika mchanganyiko wa rangi ya maji na lipu laini ya kuzibia nyufa za kuta; yakikauka huwa magumu kama ubao. Ili kichwa kigeuke, huchukuliwa mota ya waipa ya gari kuukuu, yenye kutumia umeme wa volti 12, ikafungwa kigoe kinachobadili mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Adui mkubwa wa kazi hii ni upepo, kwa kuwa joho pana hushika upepo kama tanga la jahazi. Asiyefunga kamba pande zote na kuzikaza kwenye vigingi huamka asubuhi akakuta zimwi limelala juu ya gari.

Hii ni hesabu, ni useremala, ni elimu ya umeme. Na hufanywa na baba pamoja na wanawe, jioni baada ya jioni. Mwaka 2020 duka la Home Depot lilileta sokoni kiunzi cha mifupa cha futi 12 kwa dola 299, na watu wakakigombania. Huyu wa kununua hatuna la kumsifu. Lakini anayekusanya takataka za gereji akazisimamisha, huyo ana ufundi, na ufundi haukanushwi kwa sababu ya aliyenao.

Ama sikukuu yenyewe, rai yetu haijabadilika. Halloween ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote ya Wakristo, na wanahistoria wengi huihusisha pia na msimu wa kale wa Waselti wa Ireland ulioitwa Samhain. Wahamiaji wa Ireland waliipeleka Amerika katika karne ya 19, na huko boga likachukua nafasi ya figili nene walizokuwa wakizichonga kwao. Kwa wengi leo imekuwa mchezo tu. Hata hivyo, si mchezo wetu, na hatuoni kwamba uwanja wa Mwislamu ni mahali pa kusimamisha zimwi la usiku huo. Katika hilo baba hakukosea.

Alikosea katika yaliyofuata, na hapa tunajilaumu sisi wenyewe pamoja naye. Tumekuwa hodari wa kukataza na wavivu wa kutoa badala. Yule mtoto hakutamani Samhain, wala hakuijua. Alitamani kushika msumeno kando ya mtu mzima mwenye nafasi naye. Baba yake alikuwa kazini zamu mbili, jambo tunalolielewa. Lakini hata siku za mapumziko hakumwita amshikie chochote. Mtoto akipata kwa jirani kile asichokipata nyumbani, tusishangae siku atakapofuata na mengine.

Basi tunampa ndugu yetu ushauri huu. Aende kwa jirani, yeye na mwanawe, amwombe awafundishe kuunga mabomba. Kumwendea jirani kwa wema ni haki yake juu yetu. Kisha wajenge chao: mwezi mwandamo wa futi 12, au fanusi kubwa ya Ramadhani, yenye taa zilizotengenezwa kwa matumizi ya nje na soketi inayojikata umeme maji yakiingia. Wapo watakaotuambia kwamba hili ni jambo jipya katika dini. Hatukuliita ibada. Ni taa ya barazani, ile ile tunayoizima kila Oktoba.

Wala wasiseme muda upo. Miaka hii Ramadhani inaangukia majira ya baridi, na katika majimbo ya kaskazini udongo wakati huo huwa umeganda kama jiwe, nondo haiingii. Mwenye kutaka mwezi wake usimame Ramadhani hana budi kupigilia nondo zake katika majira ya mapukutiko, majuma yale yale ambayo jirani anapigilia zake.