Bastola fupi, risasi nene

Ndugu mwandishi, kuwashauri wanunuzi wa tumbaku wanaobeba fedha taslimu wachague bastola fupi ya .45 kwa sababu inafichika kiunoni, hapo nakupinga kabisa. Hapa Urambo, rugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, walibeba magobole yaliyoonekana toka mbali. Tena bastola nyepesi kama hiyo, yenye risasi ya zaidi ya milimita 11 hurusha mkono juu. Risasi ya pili hukosa shabaha, na kwenye mnada wa tumbaku kuna akina mama na watoto. Bastola ya milimita 9 hutulia zaidi mkononi, na Glock 19 ya kipimo hicho hubeba risasi 15. Leseni ya silaha chini ya Sheria ya 2015 haimfundishi mtu kulenga. Kwanza malipo yapite benki, hizo fedha za mfukoni zipungue.