SAA YA BABU NDANI YA KASHA JIPYA



Ndugu msomaji, wanafunzi wangu wote wanaijua saa ninayoivaa darasani, na si mmoja aliyeniuliza kwa nini ni kubwa kama kisahani cha kikombe. Mwaka huu nimeona nijibu hapa jaridani, kwa sababu saa hiyo imezua maneno nyumbani kwetu, na maneno yenyewe naamini yanawagusa wengi.

Saa hii asili yake ni ya mfukoni. Ilikuwa ya marehemu babu yangu mzaa baba. Baada ya kufariki kwake ilikaa kabatini miaka mingi, na sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua chumvi inavyofanya kazi. Kasha liliota kutu, bawaba ya mfuniko ikakatika na kioo kikapotea. Nilipoipeleka kwa fundi saa nilitarajia aniambie nikaitupe. Aliifungua, akapuliza vumbi, akaweka kioo chake jichoni, kisha akasema: "Ustadh, nyumba imebomoka lakini mwenye nyumba mzima."

Ndani mlikuwa na mashine ya Uswisi, Unitas 6497. Upana wake ni milimita 36.6, unene milimita 4.5, ina vito 17, na gurudumu lake la mizani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 5 kila sekunde. Fundi aliisafisha, akabadilisha kamani, akatia mafuta, ikaenda. Kasha la asili hatukulipata. Lakini yapo makasha yanayotengenezwa na viwanda vingine kwa vipimo vya mashine hii hii, hayana jina la kampuni yoyote. Nikaagiza moja la chuma kisichoshika kutu, la kuvaa mkononi, upana milimita 44.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Saa ya mfukoni ya aina hii kifungo chake cha kutilia ufunguo kiko juu, kwenye namba 12, na mshale mdogo wa sekunde uko chini, kwenye namba 6. (Nasema namba zilizochapwa usoni, si saa tunazozisoma sisi Waswahili!) Saa ya mkono kifungo chake huwa pembeni, kwenye namba 3. Ukiilaza mashine ya babu ndani ya kasha la mkono, namba 12 inakwenda ilipokuwa 3 na uso mzima unalala ubavu. Wala huwezi kuuzungusha uso peke yake, kwani una vijiguu viwili vinavyoingia katika matundu ya mashine, na tundu la mshale wa sekunde halihami. Dawa ni uso mpya ambao sekunde zake ziko kwenye namba 9. Basi uso wa babu nao ukatoka. Mishale ilikuwa imeshaliwa na kutu, ikatoka. Kijiti cha ufunguo kikawekwa kipya, na fundi akakikata kidogo kidogo huku akijaribu, maana kikizidi urefu kifungo hakikai, kikipungua hakishiki.

Ami yangu aliponiona nayo hakufurahi. "Mwanangu, saa ya baba iko wapi?" Nikamwonyesha mkono. "Hii si saa ya baba. Kasha si lake, uso si wake, mishale si yake. Umemtoa marehemu moyo ukampa mtu mwingine."

Wiki hiyo hiyo kijana mmoja anayenunua saa za zamani akanifuata. Yeye aliipenda sana. "Ustadh, nipe niiuze kama saa kamili ya zamani. Wewe usiseme kitu tu. Atakayeinunua hataifungua."

Kati ya hawa wawili, ami yangu yuko karibu zaidi na haki, ijapokuwa nami sikubaliani naye. Kuhamisha mashine si dhambi wala si jambo geni. Huko Marekani katika karne ya 19, viwanda kama Waltham na Elgin viliuza mashine peke yake. Mteja alikwenda kwa sonara, akachagua mashine, kisha akachagua kasha kwa uwezo wa mfuko wake, la fedha, la dhahabu au la bei nafuu. Dhahabu ilipopanda Januari 1980 hata wakia moja ikapita dola 800, makasha mengi ya dhahabu yaliyeyushwa na mashine zikabaki uchi. Kuzipatia nyumba mpya ni kuziokoa na jaa. Na hiyo Unitas ya mfukoni, kampuni ya Panerai iliiweka katika saa zake za mkono miaka ya 1990, tena bila ya kificho.

Kilicho kibaya ni lile alilolitaka yule kijana. Tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakutana na unyevu chini. Muuzaji akasema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua, alilaumiwa kwa kutouweka ule unyevu juu watu wauone. Kasha jipya ni mvua yangu mimi. Na nyinyi vijana mnaobadilisha kioo na mfuniko wa simu kisha mkaiuza kuwa "haijawahi kufunguliwa", sina haja ya kuwaambia hili linawahusu.

Hata fundi wangu, ambaye ni mtu mwema, aliniuliza kama nataka aandike juu ya uso mpya jina lile lililokuwa kwenye uso wa zamani, "ipendeze". Nilikataa. Uso wangu hauna jina, na watu huniuliza ni saa gani, nami hulazimika kueleza kila mara. Inachosha kidogo, nakiri.

Mwenzangu mmoja wa hapa madrasa alinipinga: saa huiuzi, basi kuna haja gani ya kutangaza? Nikamjibu kuwa mimi nitakufa. Saa itaingia katika mirathi, wanangu wataikuta, na kwa nia safi kabisa watamwambia mnunuzi kuwa ni saa ya mzee kama ilivyotoka Uswisi. Uongo utasemwa na watu wasiojua kuwa wanasema uongo. Kwa hiyo nimeandika karatasi: mashine ni ya babu, kasha, uso, mishale na kijiti ni vya kununua. Fundi amekwaruza tarehe upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma, kama mafundi wafanyavyo. Kasha lililooza na uso wa zamani viko katika kibweta pamoja na ile karatasi. Ami amekuja kuviangalia mara mbili. Bado haiiti saa ya baba, lakini juzi aliniuliza kama nimeitia ufunguo.

Mwenye saa ya mzee wake iliyolala nyumbani aje nayo Jumamosi baada ya darasa, twende pamoja kwa fundi. Aje na kila kipande, hata kilichooza.