Tujue Pa Kutibiwa Kabla ya Kuugua

Likasi, mji wa Katanga ya Juu nchini Kongo (DRC), ina zoni tatu za afya: Likasi, Kikula na Panda. Mgonjwa huanzia kituo cha afya cha mtaani kwake. Ugonjwa ukizidi, hupelekwa hospitali kuu ya rufaa. Kando ya vituo na hospitali hizo zipo polikliniki za binafsi, ambamo madaktari kadhaa hutumia maabara moja na faili moja la mgonjwa. Daktari wako asipokuwepo, mwenzake huendeleza matibabu bila kuanza upya.

Kwa miongo mingi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitibu wafanyakazi wake na familia zao. Kampuni ilipodhoofika miaka ya 1990, nyumba nyingi ziliachiwa mzigo wa kujilipia. Sheria ya mwaka 2017 iliweka kanuni za mutueli, yaani vyama vya kusaidiana kulipia matibabu, ili watu wachange pamoja kabla ya kuugua. Njia hiyo tunaiunga mkono.

Ofisi za zoni zibandike sokoni na makanisani orodha ya vituo vyenye kibali. Nawe msomaji, uliza mapema: kuna daktari aliyesajiliwa? Nani yuko zamu usiku? Bei ni kiasi gani? Usingoje homa ya mtoto ndipo uanze kuuliza.